Betri ya Land Cruiser ya safari inakufa kila mwaka, ninunue ipi?

Swali: "Shikamoo fundi. Naendesha Land Cruiser ya kitalii hapa Arusha, injini 1HZ, imerefushwa, ina friji, inveta ya wageni kuchajia kamera, redio koli na traka ya ofisi. Betri nilinunua mwaka jana mwezi wa sita, ile iliyozibwa isiyoongezwa maji. Masika gari ilipaki kama wiki sita, nilivyokuja kuitoa haikuwaka, tukaboosti ikawaka, ikaenda vizuri tu, halafu juzi Seronera saa kumi na mbili asubuhi wageni washapanda, kimya, ikabidi mwenzangu anivute. Dukani mmoja ananiambia nichukue N100 ndo kubwa, mwingine AGM, mwingine lithiamu ndo mwisho wa matatizo. Sina hela ya kununua betri kila mwaka. Nichukue ipi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hilo la Seronera, najua mgeni aliyeamka alfajiri kufuata simba akikuta gari haiwaki siku nzima inakuwa nzito.

Jibu lenyewe nikupe kabisa halafu nieleze. Chukua betri ya maji inayofunguliwa, au EFB (ya maji iliyoimarishwa) kama utaipata, size ya D31 ambayo dukani wanaiita N70 au NX120-7, hiyo iwe ya stata na gari peke yake. Friji na inveta vihamie kwenye betri ya pili. N100 achana nayo. Lithiamu usiiweke chini ya boneti. AGM, ile iliyozibwa ambayo asidi yake imenyonywa ndani, ni betri nzuri sana ila ina masharti na nitakuambia ni yapi. Lakini usitoe hata shilingi kabla hujapima gari, maana kwa ulivyonieleza mimi naona hiyo betri haikuuawa na barabara, iliuawa ikiwa imepaki, na ukinunua nyingine ya bei yoyote ile ukaipaki hivyohivyo masika ijayo na yenyewe itakufa.

Piga hesabu na mimi. Traka haizimwi, redio nyingine zinakula kidogo hata zikiwa zimezimwa, saa ya dashibodi nayo ipo, tuseme vyote kwa pamoja vinakula ampia 0.05 tu, kitu ambacho mtu anakiona si chochote. Kwa siku ni ampia-saa 1.2. Wiki sita ni siku 42, kwa hiyo ni kama 50. Betri ya N70 mzigo wake mzima ni kama ampia-saa 70 ikiwa mpya. Hapo bado hujahesabu chaji inayojipotezea yenyewe, na joto likipanda inajipotezea haraka zaidi. Kwa hiyo ulipokuja kuitoa ulikuta karibu tupu, na imekaa bila chaji kamili wiki na wiki.

Betri ya risasi ikikaa bila chaji zile pleti zinashika salfeti, mwanzoni ni laini na ukichaji inayeyuka inarudi, ila ikiachwa inaganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haizitoi tena, na sehemu ile ya pleti ndo imeshapotea hivyo. Na hizi zilizozibwa, nyingi zimetengenezwa kwa kalsiamu, hazipendi kabisa kushushwa mpaka chini, kuzirudisha ni kazi. Ndo maana ulipoiboosti ikawaka ukadhani imepona, kumbe imebaki na uwezo labda nusu, inatosha mchana injini ikiwa ya moto, ikifika alfajiri ya baridi injini nzito na friji imekula usiku mzima, hamna kitu.

Sasa kupima. Tafuta multimeta, hata ile ya bei rahisi inatosha. Gari ilale usiku mzima, asubuhi kabla hujawasha chochote pima kwenye vichwa vya betri vyenyewe, sio kwenye klempu. Volti 12.6 mpaka 12.7 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo, na chini ya 11.8 hiyo ni tupu. Halafu mtu apige stata wewe unaangalia mita, isishuke chini ya 9.6. Injini ikishawaka izungushe kama elfu mbili, washa taa na friji, inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona 13.2 au 13.4 hapo usiende dukani, nenda kaangalie mkanda, alteneta na waya zake, maana betri haijawahi kujaa tangu uinunue. Ukiona inapita 15, regyuleta imekufa na inaichemsha betri, na hiyo inaua hata AGM ya bei kubwa kwa miezi michache.

Kuna kipimo kimoja mafundi wengi wanakiruka na kwa gari kama yako mimi nakipa uzito sana. Weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wako wa ethi, ule unaounganisha hasi na chuma cha gari, una kutu, umelegea au ni mwembamba. Hizi gari zilizorefushwa zimekatwa na kuungwa, na vitu vya nyongeza vingi unakuta ethi imefungwa na skrubu juu ya bodi iliyopigwa rangi, vumbi la Serengeti na unyevu wa kule juu Ngorongoro vikiingia hapo mwaka mmoja tu imeshakuwa upinzani mtupu. Watu wananunua betri kumbe walihitaji waya.

Na upime pia gari inakula kiasi gani ikiwa imezimwa, mita kwenye ampia, unaiunganisha katikati ya kichwa hasi na klempu yake, funguo umetoa, milango umefunga. Isizidi 0.05. (Mita ikiwa hapo usithubutu kupiga stata wala kuwasha hita plagi, utaichoma.) Ukikuta nusu ampia, inveta hiyo umeiacha imewashwa, hata ikiwa haichaji kitu inakula.

Hayo yakiwa sawa ndo tuongee kununua.

N100 kwa nini nakukataza. N100 ina urefu wa kama milimita 410, ya D31 ina 306, na trei ya Land Cruiser imetengenezwa kwa hiyo ya 306. Nimeona jinsi wanavyoziweka, wanakata trei, wanachomelea kipande cha bati, halafu wanafunga na mpira wa tyubu. Kwa gari ya mjini labda itavumilia. Wewe unatoka geti la Loduare la kuingia Ngorongoro unapanda, unashuka mpaka Naabi, ile barabara ya mawimbimawimbi, masaa mawili matatu betri inapigwa mfululizo. Kinachotokea ndani ni kwamba ile dawa iliyopakwa kwenye pleti inapukutika inaanguka chini, na ikijaa huko chini inagusanisha pleti na seli inakufa, au lile daraja la risasi linaloshika pleti linapasuka. Betri ndogo iliyokazwa vizuri itaishi kuliko kubwa inayocheza, hilo sina shaka nalo hata kidogo. Na trei ya kuchomelea ikikatika huko porini, kilo 25 na ushee za betri zinaangukia fenda na waya chanya upo juu, huo ni moto.

Kuna kitu kingine kwenye hizo namba, usichanganywe nazo. Namba ya CCA, yaani nguvu ya kuwasha injini kwenye baridi, inapimwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, sekunde 30, volti zisishuke chini ya 7.2. Ni kipimo kizuri cha kulinganisha nguvu ya stata, ila wewe huendi kwenye baridi hiyo, hata kambini ukingoni mwa Ngorongoro pale mita 2,300 asubuhi ya Julai baridi inauma lakini haifiki huko. Na kwenye boksi lenye ukubwa uleule na uzito uleule, njia rahisi ya kupandisha CCA ni kuweka pleti nyingi nyembamba. Pleti nyembamba inawasha injini vizuri sana siku ya kwanza, lakini kwenye joto na mtikisiko ndo inawahi kufa, maana joto linakula ile nyavu ya risasi polepole, watu wa betri wana kanuni yao kwamba kila joto likizidi kwa nyuzi 10 hivi maisha ya betri yanakaribia kukatika nusu. Kwa hiyo ukikuta mbili za D31, moja imeandikwa CCA kubwa sana na ni nyepesi, nyingine CCA ya wastani na ni nzito, beba ile nzito. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2, mgandamizo wake ni wa juu, inataka betri yenye nguvu ya kweli, lakini NX120-7 nzima inaizungusha bila shida.

Uliza pia kama pleti zimegundishwa chini kwenye boksi, betri za magari ya kazi ngumu zinakuwa na gundi au resini inayoshika pleti zisicheze, na kama ipo kampuni inaandika kwenye katalogi au kwenye boksi. EFB nazo zina kitambaa kinachoshikilia dawa kwenye pleti, zinastahimili mtikisiko na kuwashwazimwa mara nyingi kuliko ya kawaida. Na wewe unawashazima sana, kila penye mnyama unazima injini wageni wapige picha, unawasha unasogea, unazima tena, friji na inveta vinaendelea kula, spidi ndogo siku nzima. Maisha hayo kwa betri moja ni magumu mno.

AGM sasa. Ndani asidi imenyonywa kwenye nyuzi za kioo na pleti zimebanwa kwa nguvu, hakuna kinachocheza, kwa mtikisiko hamna betri ya risasi inayoishinda, na inavumilia kushushwa chini na kupandishwa kuliko ya maji. Ila haipendi kuchajiwa kupita kiasi wala joto, ikikauka huwezi kuiongeza maji, imekwisha. Kwa hiyo sharti la kwanza alteneta isome 14.2 mpaka 14.7 na isipite hapo, la pili iwe na kinga ya joto upande wa injini, la tatu uwe tayari kulipa mara mbili au hata tatu ya ile ya maji. Kama bosi hataki kusikia habari ya betri mbili, basi AGM moja ya D31 ndo ningekushauri badala ya yote, kwa gari ambayo umeshaipima na alteneta ni nzima. Kwa gari ambayo haijapimwa, hapana, utachoma hela.

Lithiamu ni teknolojia nzuri na mimi naifunga kwa watu, lakini ndani ya gari, nyuma, mbali na injini, kwa ajili ya friji na kambi. Chini ya boneti joto linaizidi, ile saketi yake ya ulinzi inaweza kukata umeme ghafla, na alteneta yako haijatengenezwa kuichaji moja kwa moja, kwa sababu lithiamu inavuta ampia nyingi mno hasa injini ikizunguka polepole gari imesimama, na alteneta inachemka mpaka inaungua. Aliyekuambia ndo mwisho wa matatizo hajakuambia kwamba lazima ununue na chaja ya DC kwa DC ya kukaa katikati ya alteneta na lithiamu, ipunguze huo mvuto.

Betri ya pili mimi naiona ndo dawa yako hasa. Friji ya kompresa ikifanya kazi inakula kama ampia 4, tuseme inazunguka nusu ya muda, usiku wa masaa 12 ni ampia-saa 24. Inveta ikichaji vitu vya wati 150 inavuta kama ampia 14 kutoka kwenye betri, masaa matatu ni 42. Jumla 66, na betri yako ya stata mzigo wake wote ni 70 au 80, na haikutengenezwa ishushwe hata nusu. Unaona mwenyewe. Ukiweka AGM ya diipu saiko (ya kushushwa na kujazwa mara kwa mara) ya ampia-saa 100 nyuma, unatumia nusu yake kwa amani, lithiamu ya 100 unatumia kama 80. Kwa AGM unafunga relei ya volti kati ya hizo betri mbili, inaunganisha injini ikiwaka na volti zikifika kama 13.3, inaachanisha zikishuka kama 12.8, kwa hiyo hata friji ikimaliza betri ya nyuma kabisa, ya mbele inabaki imejaa na asubuhi gari inawaka. Waya uwe mnene, na fyuzi iwekwe karibu na kila betri, pande zote mbili, hili fundi akikuambia sio lazima tafuta fundi mwingine.

Ila angalia kwanza, kama gari yako ina trei mbili mbele na betri mbili zimeunganishwa chanya kwa chanya hizo ni pacha, zinabadilishwa zote mbili siku moja, kampuni moja na umri mmoja, ukiweka mpya na kuukuu ile kuukuu inaivuta mpya chini. Na Land Cruiser za dizeli za zamani zilizotoka Japani kuna ambazo ni volti 24, kwa hiyo pima usikisie.

Ukifika dukani, jina la betri usilitegemee peke yake. Chloride Exide ya Nairobi, Rocket na Solite za Korea Kusini, Amaron ya India, GS, Yuasa, Varta, zote hizo zina betri nzuri na zote unaweza kuuziwa stika tu iliyobandikwa kwenye takataka. Ibebe. Risasi ndo betri, na risasi ni nzito, D31 yenye maji tayari inatakiwa iende kilo 18 na zaidi, zile nzuri zinagonga 20 na kupita. Mwambie muuza duka aipime kwenye mizani, akikataa ondoka. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, iwe imechapwa kwenye boksi au imegongwa kwenye kichwa, ikizidi miezi sita na ni ya maji tayari, waachie, labda wakuonyeshe kwamba wamekuwa wakiichaji. Pima volti hapohapo, chini ya 12.5 usiichukue. Alama ya R au L mwishoni mwa namba ni upande wa kichwa chanya, piga picha ya betri yako ya zamani ikiwa kwenye gari uende nayo, maana ukikosea waya hazifiki.

Ukipata ile kavu, wanayokuja kuijaza asidi mbele yako, mimi naipenda kwa huku kwetu kwa sababu haijazeeka kwenye shelfu. Lakini isijazwe na kufungwa kwenye gari palepale kama wanavyopenda kufanya. Ijazwe, ikae nusu saa pleti zinywe, ichajiwe polepole, ampia 7 au 8 hivi, mpaka ijae, halafu kila seli ipimwe na haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, zisome kati ya 1.25 na 1.28 na zisiachane. Seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.05, hiyo irudishwe hapohapo, seli hiyo itakusumbua. Ndo maana pia nakushauri inayofunguliwa, kila mwezi unafungua unaona hali ya kila seli mwenyewe. Ikipungua unaongeza maji ya betri yaliyokenekwa (distilled) tu, useme wazi dukani ni maji na sio asidi, maana ukiomba juujuu unaweza kupewa asidi na ukiiongeza umeiua.

Kufunga: toa hasi kwanza, rudisha hasi mwisho. Weka kipande cha mpira chini ya betri, ibane na breketi ya chuma ile ya kwake na nati zake mpaka ukiishika kwa mikono miwili ukaitikisa gari nzima ndo itikisike. Paka grisi kwenye vichwa, chanya kifunike. Ukirudi safari ya kwanza kaza tena, nati zinalegea.

Masika sasa, na hapa ndo pesa yako ilipo. Ukijua gari inapaki zaidi ya wiki mbili, ijaze chaji kamili kwenye chaja ya ukutani masaa kumi hivi, kisha toa waya hasi. Kama ofisi inataka traka ibaki hai, wanunulie paneli ya sola ndogo ya wati 20 na chaji kontrola yake, iwekwe juu ya gari, hiyo inailisha traka na betri inabaki imejaa hadi Juni. Kuwasha gari dakika kumi kila wiki kama wafanyavyo wengi hakusaidii, muda huo hautoshi kurudisha kile traka ilichokula wiki nzima pamoja na cha hita plagi na stata.

Ile iliyokufa usiiache nyuma ya gereji wala usimpe mtu wa kuyeyusha uani. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto kwa wakubwa, na Phyllis Omido aliyewapigania akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Irudishe duka linalochukua za zamani, wengi wanakupunguzia bei ya mpya.

Na kwa safari hizi za sasa kabla hujakamilisha yote hayo, beba jampa kebo za shaba nene, zile nyembamba za rangi nzuri hazizungushi dizeli ya lita 4.2. Chanya kwa chanya, halafu hasi ya gari nzima, na klempu ya mwisho ibane kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri, sababu betri inayochajiwa inatoa gesi na cheche karibu yake inailipua. Ukishapima nitumie namba tatu, ya asubuhi gari imelala, ya wakati wa stata, na ya injini ikizunguka elfu mbili, nikuambie kama unaenda dukani au unaenda kwa fundi wa alteneta.